Shameless inawacheka maskini?
Dada, umeuliza kama sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Shameless ya Marekani (2011) inawacheka maskini. Mimi naona hapana. Angalia pale asubuhi boksi la hela ya umeme linapopita, kila mtoto wa ile familia anatumbukiza alichonacho, wakati baba yao Frank hela yake yote ni ya pombe. Nimekulia nyumba ya kupanga Manzese. Umeme wa Luku ukiisha tulichangishana hivyohivyo, mia tano mia tano, mama akihesabu kwa mwanga wa simu. Kinachochekesha ni vituko vya Frank, siyo ufukara wao. Fiona, binti yake mkubwa, kabeba wadogo zake watano, na yeye mwenyewe bado binti! Ile mashine ya kufulia anayoletewa na mpenzi wake mpya, Steve, mimi nililia kabisa.