Kumfungia Chumbani Hakumtoi Kwenye Unga

Familia nyingi Nairobi zikigundua kijana wao anatumia unga, yaani heroini, humfungia. Kufuli mlangoni, ndoo pembeni, nyumba nzima inangoja arosto, mateso ya mwili ukikosa unga, ipite. Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 tangu atumie mara ya mwisho: miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, kuhara, mifupa kuuma. Siku ya 2 na ya 3 ndizo kali. Baada ya wiki hivi mwili hutulia, mlango hufunguliwa, na hatari kubwa ndiyo kwanza inaanza. Mwili umeshapoteza uzoefu wake wa kuhimili unga, ila tamaa haijaondoka. Akirudia kipimo kilekile cha zamani, pumzi inakatika.

Ukimkuta anakoroma kama anayekabwa, midomo imebadilika rangi, hashtuki ukimwita, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu, kisha kimbia hospitali. Nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya unga, humwamsha, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko unga, kwa hiyo hospitali ni lazima hata akisimama.

Mlevi wa kila siku naye asiachishwe ghafla nyumbani. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2, na pombe ikiachwa hivyo huua. Huyo ni wa daktari tangu siku ya kwanza.

Kwa unga, tiba tunayoiamini ni methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto. Kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na Ngara pia ipo. Msitarajie dawa siku hiyohiyo. Kwa kawaida kuna vikao vya maandalizi na vipimo kwanza, na wengi hupitia mashirika yanayohudumia watumiaji mitaani. Mtu aende na mama, dada au rafiki, na aseme kila anachotumia. Dawa ya TB iitwayo rifampisini huipunguza methadoni mwilini. Asiposema, arosto humrudia kabla ya kesho yake na watu hudai dawa haifai. Bugizi (vidonge vya usingizi vya mitaani) au pombe juu ya methadoni huweza kuzima pumzi.

Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, na huongezwa polepole kwa sababu dawa hujikusanya mwilini. Wiki hizo za mwanzo ndizo wengi huongezea unga kimyakimya. Aambiwe muuguzi, dozi irekebishwe.

Halafu kuna nauli, na hapa tunaomba familia zitusikie vizuri. Kwa kawaida methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Dawa ni bure, matatu si bure. Mtu anayetoka Kayole bila kazi hawezi kujilipia kila asubuhi, na akikosa hela anarudi kwenye kona anayoijua. Mpe nauli ya siku, asubuhi ileile, si ya wiki kwa mkupuo. Mwamshe. Ukiweza, panda naye siku za kwanza.

Akikosa siku 3 mfululizo, aseme kwenye dirisha la dawa kabla ya kumeza chochote, maana dozi ya zamani huenda ikamzidi. Ndiyo maana nyumbani asikaripiwe kwa kukosa: anayeogopa kukaripiwa huficha siku alizokosa, na hata kliniki atazificha.

Kama hamjui pa kuanzia, piga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Hailipishwi, usiku na mchana.