Entebbe mpaka Guangzhou: mbona kwenda masaa 22 na kurudi 11?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nauza viatu Kikuubo, mara hii nataka niende Guangzhou mwenyewe nikachague mzigo, nimechoka kuagizia watu. Tiketi inapitia Addis Ababa. Natoka Entebbe Jumatatu 17:00, nafika Jumanne 15:00, nikihesabu ni masaa 22. Kurudi natoka kule Alhamisi 00:10 naingia Entebbe siku hiyohiyo 11:10, masaa 11 tu! Wamenikosea ama? Na ni kilomita ngapi?
Mama Viatu, Kampala

JIBU: Mama, tiketi yako iko sawa kabisa, wala usirudi kugombana na aliyekukatia. Kila saa iliyoandikwa pale ni saa ya mji ule ndege ilipo, na China wametutangulia masaa 5. Addis saa zao ni kama zetu. Kwa hiyo kwenda toa 5, unabaki na 17: masaa 2 mpaka Addis, kusubiri 5, halafu kama 10 angani mpaka Guangzhou. Kurudi ongeza 5, inakuwa 16: angani 11, Addis unakaa 3, mpaka nyumbani 2. Umeona hapo, hiyo safari ndefu ya kurudi imezidi saa nzima, ni upepo huo, kule juu unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda China unakusukuma ukirudi unakupinga.

Kilomita sasa. Entebbe mpaka Guangzhou kwa mstari ulionyooka angani ni kama 9,000 na kidogo. Kupitia Addis zinaongezeka kama 200 tu kwa sababu Addis iko karibu na njia yenyewe, kupitia Dubai zinaongezeka kama 500, na hizo 500 ndege inazimaliza kwa dakika arobaini hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia njia fulani ni fupi, muulize utasubiri masaa mangapi pale katikati, maana ndio yanayokula muda na hela ya chakula. Mimi ningechukua ya kusubiri masaa matatu mpaka matano, chini ya hapo ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu ile ya pili unaikosa.

Kitu ninachokuomba sana ni hiyo 00:10 ya Alhamisi. Hiyo ni saa sita na dakika kumi ya usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani Jumatano saa tatu usiku uwe umeshafika uwanjani na mabegi yako, ukija Alhamisi usiku ndege itakuwa imeshaondoka usiku uliotangulia. Na mtu wa kukupokea kule mpe 15:00 vilevile ilivyo kwenye tiketi, usimgeuzie kwa saa za Kampala.