Sauti yangu baada ya upasuaji wa sainasi: jibu kwa dada anayeimba

Dada mleta mada, umeuliza kama upasuaji wa sainasi, yaani vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso vinavyofunguka puani, unaharibu sauti, na kama utaweza kuimba kwenye harusi ya mdogo wako wiki tatu baada ya kufanyiwa. Umesema pia shangazi yako amekutisha. Mimi naimba kwaya, sauti ya pili, na nilifanyiwa upasuaji huo kwa sababu ya vinyama vya puani pande zote mbili. Nitakueleza yaliyonipata, univumilie urefu.

Nianze na hofu ya shangazi. Nyuzi za sauti ziko kooni, ndani ya zoloto, na daktari wa sainasi hazigusi. Anaingia na kamera nyembamba kupitia matundu ya pua, anatoa vinyama na kupanua njia za sainasi ili zipumue. Huenda shangazi anakumbuka ule upasuaji wa zamani wa kuchana ufizi chini ya mdomo wa juu. Huu wa kamera ulienea kuanzia miaka ya 1980, baada ya kazi ya daktari Messerklinger kule Graz, Austria. Kwa hiyo sauti inazalishwa palepale ilipokuwa ikizalishwa. Kinachobadilika ni njia inayopita ikishatoka kooni.

Na kwa sisi tunaosema Kiswahili, pua ikiziba haifichiki, maana lugha yetu imejaa m, n, ny na ng', na zote hizo hewa yake hutokea puani. Kwa miaka sita nikisema "mama" kwenye simu, upande wa pili walisikia "baba". Waliniuliza kama nina mafua au nimetoka kulia. Ile "mmm" ya kupasha sauti moto kabla ya mazoezi ilinikatikia baada ya sekunde mbili tatu, kwa sababu mdomo umefumbwa na puani hakuna pa kupitia.

Nilipozinduka kutoka nusu kaputi koo lilikuwa linawasha na sauti inakwaruza. Hilo halikutokana na sainasi. Ukilazwa usingizi unawekewa mpira wa kupumulia, na mara nyingi unapita katikati ya nyuzi za sauti. Mwambie daktari wa usingizi mapema kwamba unaimba. Ukwaruzi wangu uliisha siku ya nne. Nilizungumza kidogo, kwa sauti ya chini ya kawaida, na sikunong'ona, maana kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha koo. Ukwaruzi ukipita wiki mbili au tatu, omba wakuangalie nyuzi zenyewe.

Wiki ya kwanza usijipime kabisa. Puani kuna uvimbe, damu iliyoganda, pengine na sponji, na utasikika umeziba kuliko ulivyokwenda. Mimi nililia usiku wa tatu nikiamini imekuwa hivyo moja kwa moja. Kisha nikarudi kliniki, daktari akanyonya magamba ya damu na kamasi kavu, na nikiwa bado kwenye kile kiti nikasema "asante". Hiyo n ililia kichwani mwangu kama kengele. Nikarudia neno hilo mara tatu, nesi akacheka.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Sauti yako mwenyewe huisikii kama tunavyoisikia sisi, sehemu yake inakufikia kupitia mifupa ya kichwa. Miaka yote ya kuziba nilikuwa nimejifunza kuimba kwa kufuata mtetemo fulani mashavuni. Njia ilipofunguka mtetemo ule ukahama. Nikajiona naimbia puani, sauti kubwa mno, si yangu. Nikaanza kuirudisha nyuma kwa kukaza koo. Mwalimu wetu wa kwaya akanisimamisha: "Sauti yako ni ileile, ila unaikaba." Sikumwamini mpaka tulipolinganisha rekodi. Tofauti niliyoiona kubwa kama mlima, kwenye rekodi ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa upande wa m na n kuwa safi.

Wapo ambao kweli huongelea puani kwa muda baada ya njia kufunguka. Jipime hivi: sema "babu alileta kikapu", sentensi isiyo na m wala n, kwanza pua ikiwa wazi, kisha ukiibana taratibu kwa vidole. Isikike sawa mara zote mbili. Ikibadilika, hewa inavuja puani na kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la mdomo inayofunga njia ya pua, halijazoea kufunga vizuri. Lakini usibane pua yenye kidonda, subiri daktari akuruhusu.

Sitakuficha, kuna kitu nilikipoteza. Noti zangu za chini zilikuwa na kiza fulani ambacho watu walikipenda. Sasa ziko wazi zaidi. Nilikisikitikia kile kiza kwa miezi, ingawa napumua, nalala, na kamasi haishuki tena kooni kunilazimisha kukohoa katikati ya ubeti.

Mengine kwa haraka: safisha pua kwa maji ya chumvi kama utakavyoelekezwa, usipenge kamasi mpaka uruhusiwe, chafya ipige mdomo wazi. Damu nyingi isiyokoma, macho kuvimba au kuona vibaya, maumivu makali ya kichwa yenye shingo kukaza, au majimaji yasiyo na rangi, kama maji, yanayochuruzika puani ukiinama: hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kulazwa, jirekodi kwa simu mambo matatu: ukisoma ukurasa mmoja, ukiimba "mmm" kutoka chini kwenda juu, na ukiimba ubeti unaoujua vizuri. Weka simu umbali uleule kila utakaporudia. Bila rekodi hiyo utabaki kubishana na masikio yako.

Kuhusu harusi: mpe mtu mwingine wimbo huo. Mimi nilijaribu wiki ya tatu, kwa sababu niliona aibu kukataa. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili nikavuta pumzi kubwa kupanda juu, pua ikaanza kutoka damu, nikamaliza nimeshika kitambaa huku wenzangu wakinibeba kwenye kiitikio. Sauti yangu ilitulia mwezi wa tatu baada ya upasuaji.