Ile harufu ya samaki

Swali lenu la wiki hii: "Kifaa cha umeme kikiwaka moto nyumbani kwako, utafanya nini kwanza?" Mimi najibu kwa aibu kidogo, maana kitu cha kwanza nilichofanya ni kukimbilia ndoo ya maji.

Ilikuwa Oktoba, hapa Chikongola, Mtwara. Umeme ulikatika nikiwa napiga pasi sare za watoto. Pasi na jagi la umeme nikaviacha vimechomekwa kwenye ekstensheni moja, tukala samaki aina ya changu, tukalala. Usiku umeme ukarudi bila kubisha hodi. Nilishtuka nikisikia harufu ya samaki, lakini mji huu nani anaamka kwa ajili ya harufu ya samaki? Nikajua ni sufuria ambalo halijaoshwa, nikageukia ukutani.

Kumbe ni soketi. Fundi aliniambia baadaye kwamba plastiki ya soketi ikipata joto kupita kiasi hunuka hivyo, wengine husema kama samaki, wengine kama mkojo. Nilipofumbua macho tena, plagi ukutani ilikuwa na ulimi wa moto wa urefu wa kidole, na hatua moja tu pembeni yake gunia la korosho likisubiri kupelekwa chama cha msingi. Ganda la korosho lina mafuta. Likishika moto, moshi wake unachoma macho.

Nimeinua ndoo, mama mkwe akapiga kelele: "Mwanangu, weka chini! Unataka umeme ukurudie?" Yeye alishafika kwenye mein swichi. Akaishusha, giza tupu, na ule moto ukasinyaa wenyewe kama utambi uliokosa mafuta. Mabaki yaliyokuwa yanafuka akayafunika kwa mchanga mkavu uliobaki kwenye ujenzi wa choo. Nasema mkavu kwa makusudi: mchanga wa ufukweni wenye unyevu na chumvi unapitisha umeme, usiuamini hata kidogo.

Kwa hiyo jibu langu ni kukata umeme kwanza, moto baadaye. Kama kinachowaka ni kifaa chenyewe, tuseme feni, na plagi yake iko mbali na moto, zima soketi kisha chomoa, mkono ukiwa mkavu na miguuni una kandambili. Plagi ikiwa ndiyo inayowaka usiiguse, nenda mein swichi. Na kama njia ya kwenda huko imejaa moshi, achana na nyumba. Toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 114 ukiwa nje. Wenye mtungi wa kuzimia moto wahakikishe ni wa unga mkavu au wa kaboni dayoksaidi. Ule wa maji hauna kazi hapa.

Fundi alipofungua soketi alinionyesha skrubu iliyolegea na shaba iliyoliwa na kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi hiyo. Kisha akanipigia hesabu nyuma ya risiti ya LUKU: jagi wati 2,000, pasi wati 1,200, jumla 3,200, gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 14. Plagi imeandikwa 13. Na waya wa ile ekstensheni ya bei chee, alisema, haufiki hata hapo. Umeme hatukuurudisha mpaka alipobadilisha soketi.

Siku hizi umeme ukikatika nachomoa pasi kabla hata sijatafuta tochi. Watoto nimewafundisha kwenda mein swichi gizani kwa kuhesabu: kutoka mlango wa chumba chao ni hatua tisa. Mama mkwe anasema yeye usiku ule alifika kwa tano.