Mndimu wenye majani ya njano Kigamboni

Pole dada, umeuliza kama uuwekee urea mndimu wako wa kwenye ndoo unaogeuka njano. Majani machanga kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani, na unamwagilia maji ya kisima: hapo nashuku upungufu wa madini ya chuma. Urea iache kwanza, hiyo ni mbolea ya naitrojeni. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyokomaa. Mimi wangu ulinisumbua hivyohivyo, kumbe tundu la ndoo lilikuwa limeziba, mizizi inaoza. Kagua hilo leo.

Kisha kinga maji ya mvua umwagilie badala ya yale ya kisima, weka samadi iliyooza vizuri, nyunyiza jioni mbolea ya majani yenye chuma. Angalia majani mapya.

Ukiona mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani, huenda ni ugonjwa wa kuambukiza: muite afisa ugani wa kata, na usimpe jirani vikonyo (vijiti vya kupandikiza).