Mtoto wa miaka 3 anakataa mboga: jaribu hivi

Pole, mama. Umesema mwanao anataka chipsi na biskuti tu, na mchicha akiuona anafumba mdomo. Nakuelewa kabisa; wangu wa pili alinitoa machozi kwa hilo hilo.

Anza na vitafunwa vya kati ya mlo mmoja na mwingine. Biskuti na juisi za saa tano zikikoma, saa saba atakaa kula akiwa na njaa ya kweli. Chai ya rangi pia iondoe kwenye chakula, maana inapunguza madini ya chuma anayopata kwenye mboga.

Kisha mshirikishe. Wangu nilimpa kazi ya kuchambua mchicha na kuosha nyanya kwenye beseni, na mboga aliyoichambua mwenyewe ndiyo ya kwanza kuionja. Iunge kwa nazi au karanga zilizosagwa. Karanga nzima usimpe, zinapalia watoto wa umri huu.

Mwekee kijiko kimoja tu, na nyumba nzima mle chakula kile kile. Akikataa, usimlazimishe wala kumwahidi soda. Kesho weka tena. Wapo watoto wanaohitaji kuletewa chakula kipya mara 10 hadi 15 ndipo wakizoee, nasi wengi tunakata tamaa mara ya tatu.

Ila tazama kadi yake ya kliniki. Kama uzito umesimama au unashuka, viganja vimepauka, au anakula udongo, mpeleke kituo cha afya wampime damu, usisubiri.