Wastani wa 82, na bado narusha abiria

Juzi kijana mmoja kaniandikia kwa unyonge. Kapata 77 katika mtihani wa urubani wa somo la hali ya hewa, wenzake wanatamba na 95, sasa anauliza kama ajira ya urubani imeshaota mbawa. Swali hili naulizwa kila mara, basi jibu langu lisomeni nyote.

Katika mfumo wa Ulaya masomo ya nadharia ya rubani wa ndege za abiria ni 13, na kila moja lazima ufikishe asilimia 75. Leseni haiandikwi wastani. Wa 76 na wa 99 wanatoka na leseni ileile. Tatizo ni pale nafasi zinapokuwa chache na maombi yanapomiminika: mwajiri anatafuta pa kuchujia, na fomu inauliza wazi, wastani wako ni ngapi, umerudia mitihani mingapi?

Mimi nilikuwa na 82. Shirika moja lilitaka 85 kwenda juu. Nikaomba hivyo hivyo, wakanijibu kwa mistari miwili, hata sura yangu hawakutaka kuiona. Leo nikipishana na ndege zao angani huwa natabasamu. (Ndiyo, bado inaniuma.)

Shirika lililoniita halikugusa alama zangu. Nahodha aliyenisaili alichora mstari unaopanda, akauliza: ukipanda kwa kasi ileile inayosomeka kwenye kipimo cha ndege, namba ya Mach (yaani kasi halisi ya ndege ikigawanywa kwa kasi ya sauti) inakuwaje? Inaongezeka, nikasema. Akanisukumia kalamu: kwa nini? Nikamweleza kwamba hewa inakuwa nyembamba, hivyo kasi halisi inapanda, huku baridi ikishusha kasi ya sauti; ndiyo maana hufika mwinuko ambapo rubani anaacha kufuata kasi ya kipimo na kuanza kufuata Mach. Aliyeingia kabla yangu, mwenye wastani wa 96, alitoka akilalamika kwamba swali lile halikuwemo kwenye benki ya maswali, ule mkusanyiko wa maswali ya mazoezi ya kuchagua jibu kwa herufi. Lilikuwemo. Alilikariri jibu tu, herufi na yote.

Kwa hiyo, kijana, 77 ya mara ya kwanza haijakuua. Kinachokuchafulia faili zaidi ni kurudia. Usikalie mtihani hujaiva kwa sababu tu darasa zima limejiandikisha. Una miezi 18 kumaliza yote, itumie. Benki ya maswali ifungue mwishoni, ukishaelewa. Na kila somo ulieleze kwa sauti, bila kitabu, kwa mtu asiyejua ndege. Ukikwama, hujalielewa, hata kama umepata 100.

Vijana wa siku hizi mnapenda namba za kuonyeshana, na wapo wanaojiongezea alama kwenye fomu. Acheni. Karatasi ya matokeo itaombwa, na hapo nahodha hatakuwa na haja ya kukuuliza habari za Mach.